Ganda la Korosho ni Mali ya Nani?

Maelezo yaliyotolewa katika semina ya Tume ya Haki na Amani, mbele ya viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogo ndogo



Nilipopata barua ya mwaliko nilidhani nitatakiwa kuzungumza juu ya bei ya korosho, maana huku kwetu kusini kila msimu ukiingia hatuna mazungumzo mengine. Mwenyekiti wa Tume akanifahamisha kwamba sivyo. Kipo kijiji katika parokia hii kilichoombwa eneo la kujenga kiwanda cha kubangulia korosho, na wazee wa kijiji hicho wangependa kujua ni mambo gani yawapasa kuyauliza kabla ya kutia sahihi. Mimi si mwanasheria. Ni mwalimu wa kemia, na mtoto wa mama aliyebangua korosho. Kwa hiyo nimeona nizungumzie kitu ambacho, katika mazungumzo ya namna hiyo, mara nyingi hakitajwi na upande wowote, nacho ni ganda.

Mbele yangu ipo chupa. Ndani yake mnaona kitu kizito, cheusi kinachoelekea wekundu, mfano wa asali iliyoungua. Haya ni mafuta ya ganda la korosho. Kila mmoja wetu anayafahamu ingawa huenda hajayaona yakiwa ndani ya chupa. Mtoto anapoibandua korosho mbichi kwa meno, midomo inababuka. Anayesababisha ni huyu. Tunapochoma korosho juu ya debe lililotobolewa, moto ukaruka na moshi mweusi ukatufukuza, ni huyu. Wavuvi wa pwani na mafundi wa mbao wamejua tangu zamani kwamba ubao uliopakwa mafuta haya hauliwi na mchwa upesi. Sisi tumeyajua kama adui wa ngozi na rafiki wa mbao, na tukaishia hapo. Wengine hawakuishia hapo.

Tuanze na hesabu kidogo. Chukueni kilo 100 za korosho ghafi, yaani korosho zilizo bado na maganda, kama tunavyozipeleka ghalani. Mkizibangua vema mtapata kiini kiasi cha kilo 22 hadi 24. Utando mwembamba mwekundu unaofunika kiini utatoa kilo mbili au tatu. Karibu kilo 70 zinazosalia ni maganda, ukiacha unyevu kidogo. Maganda hayo yakipitishwa katika mashine ya kukamua yanaweza kutoa mafuta kilo 10 hadi 14, na mashudu yake yakabaki kuwa kuni. Kwa maneno mengine, mkulima anapouza korosho ghafi anauza vitu vinne ndani ya gunia moja, na bei anayolipwa hupimwa kwa kimoja tu. Mnunuzi hukata korosho chache, huangalia ubora wa kiini na wingi wake, akakadiria bei. Ganda linasafiri bure, likiwa limejificha katika uzito wa gunia.

Linasafiri kwenda wapi? Sehemu kubwa ya korosho zetu huenda India na Vietnam. Katika msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000, na nyingi mno kati ya hizo ziliondoka nchini zikiwa ghafi. Fanyeni wenyewe hesabu ya kilo 70 katika kila 100. Tulipakia melini maganda yapatayo tani laki mbili, nasi tukalipa gharama za kuyabeba hadi bandarini. Huko yanakokwenda, mafuta hukamuliwa, husafishwa, na kuuzwa kwa viwanda vya nchi nyingine. India, Vietnam na Brazil ndizo nchi zinazojulikana duniani kwa biashara hiyo.

Sasa mtaniuliza, viwanda hivyo vyayafanyia nini mafuta yanayobabua midomo ya watoto? Hapa naomba mnivumilie kidogo nifanye kazi yangu ya ualimu.

Katika ganda la korosho mbichi, sehemu kubwa ya mafuta ni asidi iitwayo anakadiki. Jina hilo limetokana na jina la kitaalamu la mkorosho wenyewe. Asidi hiyo ikipashwa moto mkali hutoa hewa ya kaboni, na kinachobaki huitwa kardanoli. Kardanoli ni ndugu wa fenoli, na fenoli ni kemikali ambayo viwanda vingi huitengeneza kutokana na petroli ili kupata gundi ngumu, plastiki ngumu na vanishi. Lakini kardanoli ina jambo la ziada. Ina mkia mrefu wa kaboni 15. Mkia huo ndio unaoifanya gundi yake isiwe kavu ya kuvunjika kama kioo. Hukunjika kidogo bila kupasuka, tena hukataa maji. Mungu ameuwekea mkorosho kiwanda cha petroli ndani ya ganda, kwa ajili ya kuwafukuza wadudu na wanyama wasile mbegu yake.

Mkemia Mmarekani aliyeitwa Mortimer Harvey ndiye aliyelifungua jambo hili katika miaka ya 1920 na 1930, akapata hataza nyingi za matumizi ya mafuta haya. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalihesabiwa miongoni mwa mali ghafi zinazohitajiwa na majeshi. Tangu hapo hayajaacha kutafutwa.

Matumizi yake makuu ni breki. Kardanoli ikichanganywa na formaldehaidi hugeuka kuwa kitu kigumu, kisha husagwa kuwa unga. Unga huo hutiwa katika lainingi za breki na sahani za klachi za magari. Dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko, chuma hupata joto kali. Unga wa korosho hulistahimili joto hilo, huifanya breki ishike kwa ulaini na kupunguza ule mlio wa kukwaruza. Kila basi linaloteremka kutoka uwanda wa Makonde likiwa na abiria na magunia linategemea breki zake, na si ajabu kabisa kwamba ndani ya breki hizo mna unga wa maganda yaliyotoka huku huku juu, yakaenda ng'ambo, yakarudi yamenunuliwa kwa fedha za kigeni.

Matumizi ya pili ni rangi. Kutokana na kardanoli hutengenezwa kigumishi cha rangi za epoksi ambacho hukauka hata penye unyevunyevu na baridi, mahali ambapo vigumishi vingine hushindwa. Kwa sababu hiyo hupendwa sana katika kupaka meli, matangi na mabomba ya baharini. Huko Japani wamepata vanishi ya mafuta ya korosho inayokaribia ule utomvu wao wa jadi wanaopakia vyombo vya mbao. Wala si kwa bahati, kwa maana mti wao ule, na mwembe wetu, na mkorosho, yote ni ya ukoo mmoja. Ndiyo maana utomvu wa embe nao huwasha. Yako pia matumizi katika vihami vya nyaya za umeme, katika gundi za mbao, katika kulainisha mpira. Wataalamu wa kwetu hawakulala: wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Egid Mubofu, wameandika kwa miaka mingi juu ya namna ya kuyageuza mafuta ya maganda ya Tanzania kuwa kemikali zenye thamani. Elimu basi tunayo. Maganda tunayo. Kilichokosekana ni hayo mawili kukutana.

Yafaa tukumbuke kwamba tuliwahi kujaribu. Tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilijengewa viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vyao kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kwa mashine kutoka Italia na Japani. Wenye umri wangu wanakumbuka moshi wake. Bahati mbaya, viwanda vilipokuwa vikisimama, korosho zilikuwa zikianguka. Mwaka 1973/74 tulivuna tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mashamba yakaachwa mbali, bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia; na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yakawa hayazidi sana tani 17,000 kwa mwaka. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, vingine vikiwa havijapata kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Mkopo ulibaki palepale. Majengo mengine yakaja kuuzwa, yakageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Jirani zetu hawakusalimika. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, viwanda vya korosho vilifungwa katika miaka ya 1990 baada ya kodi ya kuuza korosho ghafi nje kupunguzwa kwa masharti ya Benki ya Dunia, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kenya nayo, baada ya kiwanda cha Kilifi kudorora, iliamua mwaka 2009 kupiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje ya nchi. Amri peke yake, hata hivyo, haifufui mikorosho iliyozeeka.

Nimesema juu ya mikono mitupu. Sasa niseme juu ya mikono yenyewe, maana hapa ndipo neno la haki linapohusika zaidi.

Mama yangu alibangua korosho kwa miaka kadhaa. Kiwanda sitakitaja. Alilipwa kwa kilo, si kwa siku. Kilo hizo zilikuwa za kiini kizima, kwa hiyo kiini kilichovunjika kilihesabiwa kuwa hasara yake. Kabla ya kuanza kazi wanawake walipaka majivu viganjani, na aliyebahatika alipaka mafuta ya nyonyo. Glavu zilikuwepo, lakini mwenye glavu hupapasa, huwa mzito, na mwisho wa siku kilo zake huwa chache. Basi walizivua. Hakuna msimamizi aliyewaamuru wazivue. Hesabu ya mshahara ndiyo iliyowaamuru. Nilipokuwa mtoto nilidhani akina mama wote wana ncha za vidole nyeusi, zisizo na alama za ngozi. Siku moja alitakiwa kuweka dole gumba kwenye hati ya ushirika, na karani akamrudisha mara tatu kwa kuwa karatasi ilionyesha doa tu. Akaona haya sana. Karani naye hakuwa mtu mbaya, hakujua.

Ndugu zangu, mafuta yaliyofuta alama za vidole vya mama yangu ndiyo haya yaliyomo chupani, na ndiyo yanayouzwa kwa watengenezaji wa breki na rangi. Yeye alilipwa kwa kiini. Kwa ganda hakulipwa kitu, isipokuwa vidonda.

Siku hizi viwanda vingi huzipika korosho kwa mvuke kwanza, ndipo hukatwa kwa mashine ya mkono na mguu. Njia hii ni afadhali kuliko ile ya kuzichovya katika mafuta yenyewe yanayochemka kwa nyuzi karibu 200, iliyotoa moshi wa kuchoma macho. Ila katika njia ya mvuke mafuta hubaki ndani ya ganda. Kiwanda kisichokuwa na mashine ya kukamua hujikuta na mlima wa maganda nyuma ya ukuta. Wengine huyachoma hovyo. Wengine huyatia katika boila bila kuyakamua, moshi wake ukawa mzito, wenye kuwasha koo, ukatua juu ya nyumba na visima vya jirani. Wengine huwaachia wananchi wayachukue kuwa kuni, na mama anapikia watoto ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kuni hizo hazigharimu senti, kwa hiyo hakuna anayelalamika, mpaka kifua kianze.

Ganda lililokamuliwa ni kitu tofauti. Mashudu yake yana joto lisilopungua la kuni kavu, moshi wake ni mdogo zaidi, na yanaweza kuendesha boila ya kiwanda chenyewe, hivyo kiwanda kikaacha kukata msitu. Laiti ningekuwa na uwezo wa kuchagua mashine moja tu ya kudai katika mkataba wa kijiji, ningechagua mashine ya kukamua maganda kabla hata ya kudai zahanati. Najua wengine mtashangaa. Nionavyo mimi, moshi ukipungua, wa kuipeleka zahanati watapungua pia.

Juu ya utando mwekundu sitasema mengi. Una tanini inayofaa kutengenezea ngozi, lakini ni mchache. Bibo ndilo jambo kubwa. Tunda hili huwa na uzito mara tano hadi mara kumi ya korosho inayoning'inia chini yake, na vitamini C yake huizidi ya chungwa kwa mbali, nasi tunaliacha lioze chini ya mti. Sehemu inayookolewa huwa uraka, na uraka ukipikwa huwa ile pombe kali ambayo jumuiya zetu zinajua vizuri imefanya nini majumbani. Simlaumu mama anayeipika. Mara nyingi ndiyo ada ya shule. Huko Brazil, katika jimbo la Piauí, hutengeneza kutokana na bibo kinywaji kisicho na kileo, cheupe cha dhahabu, kiitwacho cajuína. Ukakasi huondolewa kwa jelatini, maji yakachujwa, yakatiwa chupani na kuchemshwa humo humo. Hakuna hapo chombo ambacho kikundi cha akina mama hakiwezi kukipata. Shida ni kwamba bibo haliwezi kungoja: kesho yake limekwisha kuchacha. Kazi hiyo lazima ifanyike karibu na shamba, siku ile ile.

Sitaki niondoke hapa nimewaachia ndoto. Kukamua mafuta ni kazi ya kawaida, lakini kuyasafisha mpaka yawe kardanoli safi kunahitaji mtambo wa kuyachemsha katika ombwe, nao ni ghali, na haulipi kwa maganda ya kiwanda kimoja kidogo. Vyama kadhaa vya msingi vingelazimika kukusanya maganda yao mahali pamoja. Bei ya mafuta haya nayo si tulivu. Kwa kuwa hushindana na fenoli ya petroli, petroli ikishuka nayo hushuka. Aidha si kila matumizi mapya ni mema. Mwaka 2024 wapimaji wa mafuta ya meli walitoa tahadhari baada ya meli kupata matatizo ya mitambo kwa sababu ya kuuziwa mafuta yaliyochanganywa na haya ya ganda la korosho. Kwa hiyo atakayekuja na ahadi kwamba ganda litawatajirisha katika msimu mmoja, msimwamini. Na atakayewaambia kwamba ganda ni takataka tu, naye msimwamini. Mwulizeni: kama ni takataka, mbona mkataba unasema mabaki yote ni mali ya kampuni?

Naam, nimeuona mkataba mmoja wa namna hiyo, wa mahali pengine. Ulikuwa na kurasa 11 za Kiingereza. Eneo lilitajwa, ajira zilitajwa, barabara ilitajwa. Maganda yalikuwa katika mstari mmoja, ukurasa wa tisa, chini ya neno lenye maana ya mabaki. Wazee waliotia sahihi walisomewa kwa Kiswahili kurasa tatu za mwanzo.

Kwa wazee wa kijiji chenu, basi, ningeomba waulize haya. Maganda yatakuwa mali ya nani, na yakiuzwa au mafuta yake yakiuzwa, kijiji au chama cha msingi kitapata sehemu gani? Mashine ya kukamua itafungwa lini, kabla ya kazi kuanza au baada? Boila itatumia nini, na bomba la moshi litaelekea upande gani wakati wa kusi na wakati wa kaskazi? Wabanguaji watalipwa kwa kilo au kwa siku? Ikiwa ni kwa kilo, kiwango kimewekwa kwa mtu aliyevaa glavu au kwa mtu aliyezivua? Swali hili la mwisho litaonekana dogo. Naomba lisiachwe. Na mkataba wote usomwe kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, mpaka ukurasa wa mwisho, wanawake wakiwepo, kwa kuwa wao ndio watakaokaa kwenye mabenchi.

Tume imeahidi kumtafuta mwanasheria wa kukaa pamoja na wazee siku ya kusomwa. Mimi nipo tayari kuja na mizani na korosho kilo kumi, tuzibangue hadharani na kupima, ili kila mmoja aone kwa macho yake ganda lina uzito gani.

Nimemaliza, karibuni kwa maswali. Chupa naiacha hapa mezani. Atakaye kunusa na anuse, ila mfuniko msiuguse kwa mkono mtupu, umevuja kidogo njiani.